Kidonge cha Jioni na Kimya cha Hakimu

Nasiba alimpenda mumewe kwa masikio kabla hajamwona uso. Ilikuwa siku dada yake mkubwa alipoposwa, nyumbani kwao Kamembe, mji wa mpakani ng'ambo ya Bukavu. Yeye alikuwa uani na wasichana wenzake, machozi ya vitunguu yakimtiririka, wageni wakiwa wameketi mbele ya nyumba kwenye viti vya kuazima. Umukwe mukuru, yaani yule mzee anayetumwa na ukoo wa mwanaume kuomba msichana, alishikwa na kikohozi kibaya, akashindwa kusema, na kijana mmoja akasukumwa asimame badala yake.

Wenye nyumba walimchokoza kama desturi inavyotaka. Wakamwambia amepotea njia, hapa hakuna msichana, aliyekuwepo amekwenda kusoma ng'ambo na hajulikani atarudi lini. Kijana hakubabaika. Alisema wao hawakuja kutafuta msichana hata kidogo. Walikuwa wanapita zao tu, wakavutwa na harufu ya pilau, wakaona si adabu kupita bila kumsalimia mpishi. Sasa kama wasichana wote wako ng'ambo, basi wazee wa nyumba hii wawaonyeshe ni mzee yupi kati yao aliyekaanga vile vitunguu.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nasiba aliweka kisu chini, akachungulia pembeni ya ukuta. Akaona kijana mwembamba, koti la kuazima limemwishia juu ya viganja. Mpishi wa vitunguu alikuwa yeye Nasiba.

Huyo ndiye Hakimu. Alikuwa anajifunza ufundi wa makochi, na baadaye akafungua karakana yake chini ya soko la Kamembe, pale barabara inapoinama kuelekea ziwani. Alivua vitambaa vya makochi yaliyochakaa, akabadilisha sponji, akayavisha kitambaa kipya. Misumari midogo aliiweka mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na hata hivyo aliongea. Wateja walikuja na kiti kimoja wakakaa asubuhi nzima. Na kila ukoo uliokuwa na kijana wa kuoa, Waislamu na Wakristo, Mururu mpaka Gikundamvura, ulijua njia ya kwenda kwa Fundi Hakimu kumwomba awe umukwe mukuru wao.

Lakini watu wa nje walipata sehemu tu ya maneno yake. Sehemu nyingine aliileta nyumbani. Alianza kusimulia kabla hajafika mlangoni, akavua viatu akisimulia, akanawa akisimulia, na Nasiba akawa anajua nani kapita karakana siku hiyo, nani kadanganya, nani kaficha cheko. Yeye mwenyewe alikuwa anauza vitenge sokoni na aliona watu wengi kuliko mumewe. Hata hivyo aliwaona vizuri zaidi baada ya Hakimu kuwasimulia. Walimlea binti yao Gasaro katika maneno hayo, akakua, akaolewa Kigali, na nyumba ikabaki na wawili, na bado haikuwa kimya.

Mwaka jana, Hakimu alikuwa anainua kochi la watu watatu pamoja na mwenye mali. Akaliweka chini polepole, akakaa juu yake, akasema kifua kimembana kama kuna mtu amemkalia. Jasho lilikuwa linamtoka. Alipelekwa hospitali, na kutoka pale gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa mbali, na Nasiba alikaa kando ya kitanda akimwomba Mungu jambo moja tu. Mungu alimpa. Hakimu alirudi Kamembe amekonda, ana mfuko wa dawa. Ya kuifanya damu isigande, ya presha, na kidonge kimoja cha jioni cha kushusha kolesteroli, yale mafuta ya damu ambayo daktari alisema yamejipaka ndani ya mshipa wa moyo kama ukoko ndani ya bomba.

Nasiba akawa mlinzi wa dawa hizo. Baada ya sala ya magharibi alimletea kidonge kwenye kisahani na maji, akasimama mpaka kimemezwa.

Mwanzoni hakugundua kitu. Mgonjwa hutulia, alijiambia. Lakini miezi ilipita, nguvu zikarudi, Hakimu akarudi karakana, na maneno hayakurudi pamoja naye. Aliingia nyumbani, akasalimu, akavua viatu, akakaa. Nasiba akimuuliza siku ilikuwaje, alisema, "Nzuri." Akimuuliza nani alikuja, alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha akasema, "Alikuja yule. Yule wa... unamujua." Siku moja alimwomba ampe mkasi, na neno mkasi likamkataa. Akafanya vidole viwili vikatembea hewani, akicheka, lakini macho hayakucheka.

Nasiba alimpa mkasi. Aliingia chumbani, akakaa kitandani bila sababu. Mume alikuwa mzima, yuko sebuleni, anapumua, na yeye alikuwa na hamu naye kama kwamba amesafiri. Jambo hilo hakuweza kumwambia mtu. Jirani yake alikuwa mjane. Ungemwambia nini mjane, kwamba unamlilia mume aliyeketi chumba cha pili?

Kisha ikaja posa ya Mururu. Hakimu alisimama kama kawaida yake, akaanza vizuri, watu wakaanza kutabasamu kabla ya utani wenyewe kufika. Katikati ya sentensi akanyamaza. Alikuwa amefika mahali pa kumtaja baba wa msichana, mtu anayemjua tangu ujana, na jina halikuwepo. Kimya kilirefuka. Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mtego, na wengine wakafuata, na Hakimu akajificha ndani ya kicheko chao, akamalizia kwa maneno ya kawaida ambayo msemaji yeyote angeyasema. Posa ilipita salama. Wakati wa kurudi, Nasiba aliona mkono wa mumewe umeshika goti, unalibana.

"Ulichoka," alimwambia.

"Ndiyo," alisema Hakimu. "Nilichoka."

Wiki hizo hizo, Maman Véronique alivuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili na mzigo wa vitenge. Alikuwa mama wa Bukavu, Mkristo, mnene wa sauti, na ndiye aliyekuwa akimletea Nasiba bidhaa tangu watoto wao walipokuwa wadogo. Safari hii alikuja na habari. Mtoto wake wa kiume, Christophe-Aimé, amepata msichana Gikundamvura.

"Siye bantu ya Bukavu hatujue vizuri mambo ya gusaba ya huku, ile kuomba musichana," alisema, akikaa juu ya mzigo wake. "Batatucheka. Nataka Mzee Hakimu atusemee. Yeye tu."

Nasiba alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Ndipo akamwambia. Alimwambia habari ya mkasi, ya Mururu, ya jioni zisizo na neno. Maman Véronique alisikiliza, na mwisho akauliza habari ya vidonge, "Anamezaka kinini gani?"

"Cha moyo. Na cha mafuta ya damu."

"Ah. Hicho cha mafuta." Akainama karibu. "Shemeji yangu alikuwa anakimeza. Akili yake ikakuwa kama maji ya kufulia nguo. Akakiacha, akarudi muntu. Mimi si muganga, Mama Gasaro. Nakuambia tu kile niliona."

Jioni ile Nasiba alichukua kisahani, akakiangalia, na akakirudisha kabatini kitupu. Alimpelekea Hakimu zile dawa nyingine, ile ya mafuta ya damu akaiacha. Kesho yake akafanya vile vile. Kila usiku alilala karibu naye akisikiliza pumzi yake. Alijiambia ni jioni moja tu zaidi, aone. Akaongeza nyingine, na nyingine tena.

Na kweli, jioni moja Hakimu alikuja na kisa. Alianza akiwa bado anafungua kamba za viatu. Ndugu wawili wa Mururu wamerithi kiti kimoja cha baba yao, na wanakigombania. Mkubwa alikuja asubuhi akataka kivishwe kitambaa chekundu. Mdogo akaja mchana, kwa siri, akataka kijani. Kila mmoja alimwapisha fundi asimwambie mwenzake.

"Sasa umefanya nini?" aliuliza Nasiba.

"Nimeshona mbele nyekundu, nyuma kijani. Yule mukubwa akikaa, anaona rangi yake kwenye mikono ya kiti. Yule mudogo yeye huingiaka kwa mulango wa nyuma."

Nasiba alicheka mpaka akashika ubavu. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Aliinuka kutengeneza chai ili asionekane. Aliporudi, Hakimu alikuwa anamwangalia kwa utulivu.

"Mama Gasaro," alisema, "leo tena hujanipa kinini."

Nasiba aliweka kikombe mezani.

"Ulijua?"

"Nimeugua moyo. Macho yangu ni mazima. Vinini vilikuwa vitatu, vikakuwa viwili. Nilingoja uniambie mwenyewe."

Nasiba alikaa chini mbele yake, kwenye mkeka, kama alivyokuwa akikaa zamani Gasaro alipokuwa mdogo.

"Nilitaka uongee," alisema. "Basi. Nimekukosa, Baba Gasaro. Uko hapa na nimekukosa. Nikaona afadhali..."

Hakumaliza, kwa sababu mwisho wa sentensi hiyo ulikuwa wa kutisha. Hakimu aliusikia hata hivyo. Alinyamaza kitambo, lakini kimya hiki kilikuwa na mtu ndani yake.

"Mimi pia nimejikosa," alisema. "Unafikiri sioni? Napanga neno, nikilifikia nakuta mahali pake peupe. Siku ile Mururu nilitamani ardhi inifunike. Lakini siku ile ya kochi, Mama Gasaro, niliona mlango. Niliuona kabisa. Sitaki kuuona tena upesi hivyo." Akanyoosha mkono. "Twende kwa muganga wa hospitali. Tumuambie yote, na hii yako pia."

Daktari waliyemkuta hospitali aliitwa Shimwa, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, anayeongea Kiswahili cha kwao Kamembe. Nasiba alimweleza yote, pamoja na kisahani kitupu, akiangalia sakafu. Daktari Shimwa hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Mama, usirudie kufanya hivyo peke yako," alisema. "Mzee ameshaugua moyo. Dawa hii ndiyo inayozuia ule mshipa usizibe tena. Watu wengi sana wanaimeza na akili zao ni salama. Wataalamu wameifuatilia kwa maelfu ya wagonjwa, na kwa jumla hawakuona kwamba inaharibu akili."

"Kwa hiyo ni mimi mwenyewe," alisema Hakimu.

"Sijasema hivyo. Kuna wachache wanaolalamika kama wewe. Kusahau, ukungu kichwani, maneno kupotea. Wengi wao, ikisimamishwa au ikibadilishwa, hali yao inarudi. Lakini mtu aliyeponea chupuchupu anaweza kusahau kwa hofu tu, kwa kukosa usingizi, kwa huzuni, hata kwa umri. Siwezi kukuangalia usoni nikajua ni ipi. Tutajaribu."

Akaeleza. Atampima sukari na tezi ya shingo na mengine yanayoweza kumsahaulisha mtu. Kidonge kile kitasimama kwa wiki chache tu, chini ya macho yake, dawa nyingine zote zikiendelea. Kisha watarudi, watapima damu, na ataanza cha aina nyingine, kwa kiasi kidogo. "Na kifua kikibana, hata kidogo, usingoje asubuhi," alisema.

Majuma yale yalikuwa ya ajabu kwa Nasiba. Alipika bila mafuta, alimpeleka mumewe kutembea mpaka waone ziwa na kurudi, na kila jioni alimsikiliza kama mtu anayetega maji ya bomba, akijiuliza leo yatatoka au hayatoki. Kuna jioni yalitoka. Kuna jioni Hakimu alisema, "Nzuri," akanyamaza, na Nasiba akakaa na hamu yake mpaka usingizi ukamchukua. Ukungu ulipungua, hilo wote wawili waliliona. Mkasi ukawa mkasi. Lakini ule wepesi wa zamani, maneno kumkimbilia bila kuitwa, haukurudi wote.

Maman Véronique alipokuja kutaka jibu, Hakimu alimpokea mwenyewe.

"Maman, mumuombe Harelimana," alisema. "Ni mwalimu mstaafu, anasema vizuri. Mimi nitakuja kama mugeni wenu."

"Papa Hakimu, siye tulikutaka wewe."

"Najua. Na mimi nilitaka." Akatabasamu. "Lakini siku ya mtoto wako si siku ya kujaribisha kichwa changu."

Nasiba alikuwa anapanga vitenge. Aligeuka ukutani akaendelea kupanga vilivyokwisha kupangwa.

Wakaenda Gikundamvura siku ya Jumamosi. Hema mbili zilikuwa zimetazamana kwenye ua uliofagiliwa, nyuma yake migomba na mteremko wa mashamba, jua la bondeni likichoma. Christophe-Aimé alikuwa katikati ya rafiki zake, shingo imekazwa, haelekei kupumua. Maman Véronique alivaa kitenge kilichong'aa kuliko vyote. Hakimu na Nasiba walikaa mstari wa tatu upande wa wageni. Harelimana alishika kipaza sauti, akasalimia, akaanza.

Alikuwa mzuri. Nasiba alitaka awe mbaya, akajionea aibu. Harelimana alijua mpangilio wote, wapi pa kushukuru, wapi pa kuomba, wapi pa kutaja ng'ombe wa mahari. Wenye nyumba walimrushia maneno, akayadaka. Lakini kila alipojibu, Nasiba alisikia nafasi ndogo, pumzi moja, mahali ambapo Hakimu angeweka kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alikaa hivyo, akisikia sherehe mbili, ile iliyokuwepo na ile iliyokosekana.

Msemaji wa wenye nyumba, mzee mrefu mwenye fimbo, akasema, "Mmevuka daraja kutoka Bukavu. Tutajuaje kama mtoto wetu akivuka mtamrudisha kutusalimia?"

Harelimana alisema wao ni watu wa kuaminika, na undugu hauna mpaka. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Hapo Nasiba alisikia pumzi shavuni. Hakimu alikuwa ameinama, mdomo karibu na sikio lake, macho bado yanaangalia mbele kama mtu anayefuata sherehe.

"Mimi ningesema," alinong'ona, "mwulizeni Maman Véronique. Kila wiki anavuka, kila wiki wanamurudisha. Hata Bukavu wamechoka kumurudisha. Sasa tunawaomba muntu wa kumusaidia kubeba mizigo."

Nasiba aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mabega yalimtikisika. Mama mmoja aliyekaa mbele aligeuka akawatazama, akageuka tena.

Mzee wa fimbo aliendelea, na Hakimu aliendelea. Si kila mara. Mara nyingine alifungua mdomo, akatafuta, akaacha, akatikisa kichwa. Mara nyingine neno lilichelewa mpaka sherehe imekwisha kupita mahali pale, naye akalinong'ona hivyo hivyo, limechelewa, na Nasiba akalipokea. Msichana aliposindikizwa kutoka ndani ya nyumba na vigelegele vikapanda, mkono wa Nasiba ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe, chini ya mkunjo wa kitenge.

Walirudi hospitali kama walivyoagizwa. Vipimo vingine vyote vilikuwa sawa, lakini mafuta ya damu yalikuwa yamepanda tena bila dawa, na Daktari Shimwa alitikisa kichwa. Akampa aina ile nyingine, kwa kiasi kidogo. Nasiba aliuliza sasa ni nini hasa, ni kile kidonge au ni kitu kingine.

"Mama, nadhani kilichangia," alisema daktari. "Siwezi kuapa. Aliposimamisha alipata nafuu, lakini na hofu pia ilikuwa imepungua, alikuwa analala, mlikuwa mnatembea. Tuangalie hiki kipya. Mkiona ukungu unarudi, mje. Msifiche."

Huu sasa ni mwezi wa nne na kidonge kipya. Ukungu haukurudi kama ule wa kwanza. Hakimu anakumbuka majina ya watu, anajadiliana na wateja, amekubali kumsaidia Harelimana kupanga maneno ya posa, akikaa nyuma. Kusimama mwenyewe bado hataki, na Nasiba hamuulizi. Gasaro akipiga simu kutoka Kigali anasema, "Mama, Baba ameongea leo," na Nasiba anasema ndiyo, mwanangu, nimesikia.

Kisahani anakileta Nasiba bado, baada ya magharibi. Hakimu anameza, anarudisha glasi. Juzi alianza kumweleza habari ya mteja aliyeleta kiti cha ofisi kilichovunjika, na katikati ya kisa akasimama. Neno lilikuwa limekwama. Nasiba alilijua, lilikuwa gurudumu, lilikuwa tayari ulimini mwake. Miezi michache nyuma angempa haraka, ili kimya kisimtie hofu. Safari hii hakumpa. Alimimina chai, akavuta mkeka, akakaa karibu naye.

"Ile... ile ya chini inayozunguka," alisema Hakimu.

"Enhe," alisema Nasiba, "ikafanya nini?"

Na Hakimu akaendelea.